Mkono wa Mnakili

Swali la kwanza ambalo Inspekta Christiane Mwansa alimuuliza Profesa Osée lilikuwa jepesi: anakaa mtaa gani. Profesa akajibu kwamba anakaa Hewa Bora, nyuma ya soko, tangu alipooa. Christiane akaandika. Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi. Alitaka tu kuona kama mtu huyu angesema kweli.

Walikuwa katika ofisi ya profesa, idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Lubumbashi. Umeme ulikuwa umekatika, dirisha lilikuwa wazi, na vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limetanda juu ya vitabu. Nyuma ya mlango kulibandikwa tangazo ambalo hakuna aliyelibandua: siku na ukumbi wa soutenance, ambapo Gracia Chilufya, msaidizi wa idara, angetetea tasnifu yake ya udaktari. Siku hiyo ilikwisha kupita. Majaji wa jury walikuja, wanafunzi walijaa ukumbini, profesa alivaa joho lake. Gracia hakuja. Kesho yake Osée alikwenda polisi kusema kwamba mwanafunzi wake amepotea.

Familia yake ilisema hajapotea. Baba yake, mzee Alphonse, mstaafu wa reli aliyekuwa kitandani kwa ugonjwa wa moyo, aliwaonyesha askari simu yake. Gracia alikuwa anamwandikia kila siku. Amevuka mpaka, ameitwa Lusaka haraka kwa ajili ya nafasi ya masomo, atarudi. Mama yake, Mama Albertine, alisimama mlangoni akaitikia kwa kichwa. Faili lingefungwa siku ileile kama kampuni ya simu isingejibu barua ya Christiane. Simu ya Gracia haikuwa imevuka mpaka wowote. Kila ujumbe ulipotoka, simu ile ilikuwa inashikwa na antena ya Hewa Bora.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu Hewa Bora aliyekuwa na simu ya Gracia mkononi, na mtu huyo alikuwa anajifanya ndiye Gracia. Christiane alikuwa ameshughulika na vifo vya kutosha kujua kwamba anayeandika kwa jina la mtu mwingine kwa kawaida anajua mwenye jina yuko wapi.

Aliweka kalamu mezani.

"Prof, siku kidogo mbele ya soutenance muligombana na Gracia. Mu couloir, inje ya ofisi hii. Sekretere alisikia."

"Njo, tuligombana," alikiri Osée. "Batu bote balisikia."

"Ulimwambia utamuzuia mbele ya jury."

"Nilisema vile."

Hakujitetea zaidi. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, na tangu Christiane aingie hakuwa amemtazama usoni hata mara moja. Christiane akamuuliza waligombania nini. Alitegemea kusikia habari ya mapenzi, au ya cheo. Profesa akamwambia waligombania wanakili.

Akaeleza, kwanza kwa shida, halafu maneno yakaanza kutiririka kama ya mtu aliyefundisha jambo hilo miaka mingi. Zamani, katika Enzi za Kati, Waingereza hawakuwa na mashine ya kuchapa. Sala, nyimbo, hadithi, vyote vilinakiliwa kwa mkono, na kila jimbo lilikuwa na Kiingereza chake na namna yake ya kuandika. Mnakili wa kaskazini akipewa maandishi ya kusini, alikuwa anaanza vizuri, anafuata herufi moja moja. Kurasa zikienda, mkono unachoka, jicho linazoea, na mnakili bila kujua anarudia tahajia ya kwao. Wataalamu wanaweza kusoma sala ambayo haina jina la mtu na kusema: aliyeandika hapa alizaliwa upande ule.

"Siye bazee tulifundishwa kama mnakili ni muharibifu," alisema. "Kazi yetu ilikuwa kumutosha, kumuondoa, tubakie na maneno ya mwenyewe. Gracia akakataa. Siku hizi beko wengi benye kukataa, kule Ulaya pia. Banasema usiulize mnakili aliharibu nini. Uliza alitaka nini, na alikuwa anaandikia nani."

Gracia alikuwa amejifunza hayo yote bila kutoka Lubumbashi. Maktaba za Uingereza zimeweka picha za miswada kwenye intaneti, naye alikuwa anazikuza kwenye kompyuta yake, umeme ukiwepo, mpaka anaona mahali kalamu ilipokwama kwenye ngozi ya kuandikia. Alichagua sala moja fupi ya wagonjwa iliyonakiliwa na mikono mingi. Katika tasnifu yake alionyesha kwamba kila mnakili aliibadilisha kidogo ili watu wa kijiji chake waielewe wakiwa wanaumwa. Sura nzima ilikuwa inambomoa Osée, kwa jina, kwa heshima, kwa ushahidi.

"Na ulikasirika," alisema Christiane.

"Nilikasirika siku mbili, tatu. Kiisha nikasoma tena, nikaona iko na haki." Akatazama tangazo mlangoni. "Nilikuwa nitasema vile mbele ya jury. Sikupata nafasi ya kumwambia."

 Christiane akatoa kwenye mkoba karatasi ambazo Bwalya, msaidizi wake, alikuwa ameziandaa kituoni: ujumbe wote wa simu uliotumwa kwa mzee Alphonse tangu Gracia aondoke, na nyuma yake ule wa miezi iliyotangulia. Akamsukumia profesa.  Alitaka kuona uso wake akisoma.

Osée alivaa miwani. Alisoma ujumbe wa zamani kwanza, na kidogo tu akatabasamu, kwa sababu ndivyo Gracia alivyokuwa. Alikata maneno kama vijana wote, ya Kifaransa na ya Kiswahili: "Slt papa. Nko ku bibliothèque, ntarudia soir pcq prof iko na réunion. Chakula muniachie." Halafu akafika kwenye ujumbe mpya. Wa kwanza ulilalamikia mtandao: "Slt papa. Nko bien. Rezo iko mubaya, ntakupigia." Akageuza karatasi, akageuza nyingine. Tabasamu likaondoka. Akarudi nyuma, akaanza upya, safari hii kidole kikifuata mistari.

Alichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani, akaomba ruhusa kwa macho, akaanza kuchora duara.

"Angalia hapa. Mwanzo anaandika *nko*, *ntakupigia*, kama Gracia. Anamufuata herufi kwa herufi. Juma ya pili inafika, unaona? *Niko. Nitakupigia.* Hakate maneno tena. Kila fungu la maneno inaanza na herufi kubwa, inaisha na nukta. Na hapa." Kalamu ilisimama. "Gracia anaandika *chakula* na ch. Huyu, mwanzo anaandika ch. Hapa mwisho anaandika *tshakula*. Na njia anaandika *ndjia*."

Christiane akainama kusoma. Ujumbe wa juzi ulisema: "Papa, salut. Ndjia ya kurudia ingali mbali. Kula kwanza tshakula, kiisha dawa. Ulale muzuri."

"Maana yake nini?"

"Maana yake Gracia hakuandika hata moja ya hizi." Osée alivua miwani na kubana macho kwa vidole, kama mtu mwenye maumivu ya kichwa. "Ni muntu mwenye alikuwa na ujumbe wake wa zamani mbele ya macho, akajifunza kuandika kama yeye. Mukono ukachoka. Ukarudia kwao. Ni muzee, alisoma zamani ku masomo ya mission, kule balifundishaka tsh na ndj, na alifundishwa vizuri sana. Ao yeye mwenyewe alifundisha."

Alisema maneno hayo kama anavyosema darasani. Halafu Christiane akaona kwamba sasa tu ndipo alipoyasikia. Ikiwa Gracia hakuandika, basi Gracia yuko wapi?

Christiane alikuwa na jambo moja la kumaliza kabla ya kumwamini. Alifungua simu yake mwenyewe akatafuta ujumbe ambao profesa alimtumia kupanga mkutano huu. "Niko apa asubui yote mpaka muchana. Akuna shida." Osée aliangusha h ya apa, ya asubui na ya akuna, aliandika anavyosema. Katika ujumbe uliotumwa kwa mzee Alphonse, kila h ilikuwa mahali pake, mpaka ule wa mwisho. Na muchana aliuandika kwa ch; pamoja na umri wake wote, profesa hakuwa anaandika tsh. Christiane alilikata jina la profesa kwenye orodha yake ya washukiwa, akaikunja.

Kabla ya kuondoka alimuuliza swali moja tena. Kama tasnifu ya Gracia ina haki, mtu aulize mnakili alitaka nini, je, huyu anataka nini?

Osée alisoma tena karatasi zote. Kisha akasema hajui, yeye si polisi, ila anaona kitu kimoja. Hakuna ombi hata moja. Huyu mtu haombi asitafutwe, hatishi, hasemi uongo mwingi kuliko unaohitajika. Anauliza tu kama mzee amekula.

Ndani ya jeep Bwalya alimuuliza waelekee wapi, nyumbani kwa profesa? Christiane akamwambia Hewa Bora, lakini si kwa profesa; wazazi wa Gracia pia walikuwa wanakaa huko.

Njiani alifungua faili, akasoma tena maelezo ya siku ya kwanza. Mzee Alphonse alisema kwamba siku ileile binti yake alipoondoka, mke wake pia alisafiri. Alikuwa ameitwa Kasomeno, kijijini kwao, kwenye kilio cha binti wa ndugu yake. Christiane mwenyewe ndiye aliyeandika sentensi hiyo. Aliiandika kama mtu anavyoandika hali ya hewa, hakuuliza jina la marehemu.

Mama Albertine aliwafungulia lango, akawakaribisha, akasema mzee amelala kidogo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nadhifu, kichwa kimefungwa kitambaa cha bluu. Christiane akamwomba Bwalya abaki nje. Akamfuata mama jikoni, kwa sababu bukari, ugali wa mchana, ilikuwa bado motoni na mama hakutaka iungue.

Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa sakafuni karibu na mlango, makala yakiwaka. Juu ya rafu kulikuwa na mikebe ya maziwa ya unga iliyosafishwa na kupangwa kwa ukubwa, kila mmoja na karatasi iliyobandikwa, maandishi ya wino, yamelala upande mmoja kama ya ubaoni: SUKARI. TSHUMVI. TSHAI.

Christiane alisimama mbele ya rafu hiyo muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mgeni.

"Mama ulikuwa mwalimu?"

"Eeh. Primaire. Paka ku pansion, nilipostaafu."

"Mama, ku Kasomeno kilikuwa kilio ya nani?"

Mama Albertine alikuwa ameshika mwiko. Hakugeuka. Aliigeuza bukari mara mbili, akaipiga ubavuni ikakaa vizuri, akatoa chungu motoni, akakiweka chini. Kisha akafuta mikono kwenye kikwembe chake, kitenge cha kiunoni.

"Ya mutoto wangu," alisema.

Alikaa kwenye kigoda. Christiane akaketi juu ya gunia la makala, ili wasikilizane bila kupaza sauti.

Mama alisimulia bila kulia, kwa mpangilio, kama anayetoa somo. Gracia alitaka nkambo wake, bibi aliyemzaa Albertine, awepo ukumbini siku ya kutetea. Ndiye aliyempa jina la Chilufya. Hakutaka kumwambia baba yake, maana angemkataza kusafiri siku chache kabla ya mtihani. Wangebishana, na moyo wa mzee ulikuwa umemlaza hospitalini mwezi uliotangulia. Akamdanganya mzee kwamba ameitwa Lusaka haraka kwa nafasi ya masomo, jambo ambalo asingelikataza, akapanda taksi ya asubuhi kwenda Kasomeno kumchukua nkambo. Karibu na kufika, lori lililobeba mawe ya mgodi lilikuja katikati ya barabara ndani ya vumbi. Dereva wa taksi akalikwepa, gari likabiringika. Wengine walitoka na majeraha. Gracia walimtoa akiwa hai. Alifia kwenye kituo cha afya, kabla jua halijawa kali. Nkambo alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amevaa kikwembe kipya, anasubiri.

Albertine alipopigiwa simu alikuwa jikoni hapahapa. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mzee asipate habari ya ghafla, hata ya furaha. Akaenda chumbani akamwambia kuna kilio kwao. Mzee akamwambia aende, awape pole. Walimzika kesho yake. Ndugu zake walimuuliza baba wa mtoto yuko wapi, na watu wa ukoo wa baba, wale wa Kasai, wataambiwa nini. Akawaambia atawaambia mwenyewe. Alirudi na mkoba wa Gracia. Simu ilikuwa ndani, kioo kimepasuka pembeni, ikalia akiwa ndani ya gari, wamekwisha kuingia Hewa Bora. Alphonse alikuwa ameandika: umefika?

"Nilijibu mara moja tu," alisema Albertine. "Nilisema, nitajibu leo, kesho atakuwa na nguvu, nitamwambia. Kesho akauliza tena. Akaamka akakula, juu mutoto alimwambia akule. Miye nikimwambia, hakule."

Christiane aliuliza yale aliyotakiwa kuuliza: jina la kituo cha afya, nani alisaini karatasi ya mazishi, simu iko wapi. Albertine aliitoa ndani ya mkebe usio na karatasi, akampa. Christiane aliiweka ndani ya bahasha. Mama akachukua mwiko tena; mikono yake haikuwa na kitu cha kushika.

"Unajua nitamwambia," alisema Christiane. "Njo sheria. Ao wewe, ao miye."

"Utamuua."

"Tutaita daktari kwanza. Lakini hawezi kubakia mubaba wa muntu mwenye alizikwa, yeye hajue."

Walimpigia daktari. Alikuja mchana huohuo, akampima mzee, akampa kidonge, akasema atakaa sebuleni. Ndipo Christiane na Albertine wakaingia chumbani.

Mzee Alphonse alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, simu yake juu ya shuka karibu na mkono. Alimtazama inspekta, akamtazama daktari aliyeonekana kupitia mlangoni, halafu akamtazama mke wake kwa muda mrefu.  Christiane akavuta pumzi aanze yeye. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Gracia hakuniulizaka hata siku moja kama nimekula," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Alikuwa ananibishia. Nikisema mvua itanyesha, ye anasema hapana. Huyu wa mu telefone anakubali yote. Nilisema, mutoto wangu amekuwa mupole namna gani?"

Aliisukuma simu mbali kidogo na mkono wake.

"Kiisha nikaona kila nikituma ujumbe, Albertine anasimama mu kiti. Anaenda jikoni. Jibu inakuja, ye anarudia." Alilamba midomo. "Siku ile njo nilijua."

Albertine alijishika kwenye ukingo wa kitanda. Alimuuliza, kwa sauti ambayo Christiane hakuisikia vizuri, kwa nini basi hakusema.

"Nilisema kama ninaacha kumujibu, njo tumemuzika," alisema Alphonse. "Na nilikuona unakuwa muzima wakati unamuandikia."

Aliuliza amelazwa wapi. Albertine akamwambia, kando ya baba mzazi wa Albertine, kwenye makaburi ya Kasomeno, upande wa barabara. Akauliza kama aliteseka. Albertine akaanza kusema hapana, akaacha. Akasema kidogo. Mzee akafumba macho, machozi yakashuka kwenye masikio yake kwa jinsi alivyolala. Kisha akamshika mke wake mkono akamvuta akae.

"Kaa, Albertine. Hujalia. Tumulilie mutoto."

Mama Albertine alifungua kitambaa cha bluu kichwani, akakiacha kianguke. Sauti iliyomtoka ilipita dirishani, ikapita ukuta. Katika nyumba ya jirani redio ikazimwa. Muda si muda lango likafunguliwa bila hodi, wakaingia wanawake wawili, mmoja bado na unga mikononi, hawakuuliza ni nani. Waliisikia ile sauti na kujua ni kilio.

Christiane alikwenda sebuleni akampigia Profesa Osée. Alimwambia yote kwa sentensi chache.  Osée akauliza namba ya nyumba na avenyu.

Bwalya alisimama mlangoni na faili, akauliza kama waandike maelezo ya mama sasa. Christiane akamwambia wataandika baada ya kilio. Wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuviringisha zulia na kuleta mikeka. Viti vilikuwa lazima vitolewe nje, maana wafiwa hukaa chini. Christiane akaliweka faili dirishani, akashika upande mmoja wa sofa. Bwalya akashika upande wa pili. Wakaitoa mpaka uani, wakarudi kuchukua nyingine.